Sauti ya Pili na Mashine ya Njia Nne

Jumatatu, 4 Julai

Ukungu tangu alfajiri. Nimesahihisha insha za Kidato cha Tatu nimejifunga blanketi. Mada ilikuwa soko huria. Nusu ya darasa wameanza na "Hapo zamani za kale". Labda wana akili kuliko mimi.

Mashine bado inanguruma. Nimebadili waya wa maikrofoni, nimezima taa, nimetoa redio chumbani. Mngurumo uko palepale, nyuki ndani ya debe. Alasiri nikaona adapta imelala mgongoni pa mashine kama mtoto aliyebebwa. Nimeivuta mpaka chini ya meza, mbali kadiri waya unavyofika. Kimya. Kimya kitamu. Nimefurahi kuliko siku gazeti lilipochapa barua yangu bila kuikata mkia.

Mashine si yangu. Ni ya somo wangu, Naomi kama mimi, mke wa Mzee Zakayo. Mzee Zakayo alishusha lori la kabichi Dar akarudi na kinasa sauti cha Kijapani, kimeshatumika, kitabu chake kimenyofolewa kurasa za mwanzo. Hii ndiyo ruksa yenyewe ya biashara. Shule haina chaki, zahanati haina dawa ya minyoo, ila kabichi zetu zinageuka mashine ya kurekodia. Nimeisema vibaya mbele ya kila mtu. Vidole vyangu haviachi kuigusa.

Inakaa kwangu kwa sababu nyumba za walimu zina umeme, na kwa somo, ng'ambo ya bonde, umeme haujafika. Na kwa sababu kitabu ni cha Kiingereza. Basi fundi ni mimi.

Uzuri wake siwezi kuukana. Redio kaseti ya kawaida inarekodi mara moja, imekwisha. Hii ina njia nne ndani ya utepe mmoja. Unaimba sauti ya kwanza kwenye njia ya kwanza. Unarudisha utepe, unajisikiliza kwa hedifoni, unaimba sauti ya pili kwenye njia ya pili. Mwisho zote zinasikika pamoja, kama watu waliosimama bega kwa bega.

Tangu kwaya ya wasichana Vuga, somo huimba ya kwanza, mimi ya pili. Watu walituita Naomi wa Juu na Naomi wa Chini. Mwenye duka la kaseti pale stendi amekubali kurudufu wimbo wetu wa kabichi na kuuuza, tukimpelekea kaseti safi. Maneno yangu, tuni yake. Sijatamani kitu hivi tangu nilipotaka kwenda chuo kikuu.

Jumanne, 5 Julai

Kikao cha walimu kilichelewa kwisha. Mkuu alikuwa anatueleza kwa nini wazazi sasa watachangia kila kitu mpaka ufagio. Nikambishia. Nikashinda. Haikusaidia mtu.

Nimefika nyumbani nikamkuta somo ndani. Ana ufunguo, si ajabu. Hedifoni kichwani, macho amefumba, hajui kama nimeingia. Anaimba sauti ya pili.

Sauti yangu.

Alipofumbua macho hakushtuka. Alicheka, akanivua kilemba akanivisha hedifoni.

"Nilikungoja, somo, nikachoka. Nikasema nijaribu tu, nione kama huko chini kuna baridi."

Nikasikiliza. Naomi wa Juu juu, na chini yake Naomi wa Juu tena. Zimeshikana kama uzi wa mfumaji mmoja. Hakuna anayemngoja mwenzake kuvuta pumzi. Mimi na yeye siku zote kuna unywele wa kuchelewana, tumezoea, tunauita ladha. Hapa hakuna.

Ni nzuri. Nimeandika: ni nzuri.

Nilimwambia mshale wa kupimia sauti uliruka kwenye wekundu, sauti imechanika, haifai. Nimemdanganya. Mshale haukuruka.

"Mimi sisikii mchaniko," alisema.

"Wewe si fundi," nikasema.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Hakuna shule.

Somo ametoa hukumu ya Suleimani. Yake ibaki njia ya pili, mimi niimbe kwenye njia ya tatu, halafu tuchague. Tuchague. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa dagaa. Nchi nzima sasa ni kuchagua. Sabuni za kuchagua, vyama vya kuchagua, na mimi nichaguliwe kwenye meza yangu mwenyewe.

Nikaimba. Nilihisi wimbo unakokota, nikadhani ni uchovu wangu. Tukarudisha, tukasikiliza.

Mtoto wa chekechea. Sauti nyembamba, imebanwa puani, inakimbiakimbia. Somo aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Wakati huohuo Mzee Zakayo amepita kumfuata mkewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameinamia spika.

"Mwalimu, mtoto huyu mmemtoa wapi? Mrudisheni kwa mama yake, ana njaa."

Somo alishindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Kwa meno.

Walipoondoka nimeikagua mashine kitufe kwa kitufe. Pembeni, kulia, kuna kirungu kidogo cha mwendo wa utepe. Kikisimama katikati utepe unakwenda sawasawa. Nimekikuta katikati, nikakisukuma kushoto kabisa, utepe ukatambaa. Kumbe niliimba utepe ukiwa unatambaa, kisha tukausikiliza ukiwa unakimbia sawasawa. Sauti yoyote hapo ingekuwa ya panya. Hata ya askofu.

Ila wakati wa kuimba mimi sikukigusa kirungu. Kabla ya kusikiliza, somo aliinamia pale kama anafuta vumbi.

Ijumaa, 8 Julai

Nimemwuliza. Hakuficha.

"Nilikushushia kidogo, somo. Ya pili inapopanda siku hizi hupafiki vizuri. Nikaona nikuwekee chini kidogo usiumie, halafu nikarudisha."

Kunionea huruma. Angenitukana ningejua la kufanya. Matusi nayajua, nimeyasomea, nimeyachapisha. Huruma sina silaha yake.

Nilisema mashine ina uchafu, hatuwezi kurekodi mpaka niisafishe. Hilo angalau ni kweli. Kichwa kinachosoma utepe kilikuwa na ukoko wa kahawia kama jino la mvuta tumbaku. Nimekifuta kwa pamba na spiriti niliyoomba zahanati. Sauti imefunguka, unasikia hata ulimi ukigusa meno. Asubuhi za baridi chuma kile kinatoka jasho, kwa hiyo sasa naiwasha mapema ipate joto kidogo kwanza.

Iko tayari. Sijamwambia.

Nijiulize bila kupamba. Naona wivu. Si wa kabichi za mumewe, wala nyumba, wala watoto wanaomletea sukari Krismasi. Hivyo vyote nilivitazama miaka yote nikiwa na vitabu vyangu, sikutetereka. Mimi sikuolewa, sikuwa na mtu wa kumwuliza nimechelewa wapi. Nilikuwa na kitu kimoja ambacho yeye hakuweza kukifanya bila mimi. Mtu hawezi kuimba sauti mbili. Hata malkia hawezi. Sasa anaweza, na mashine ya kumwezesha nimeisafisha mwenyewe kwa pamba.

Jumapili, 10 Julai

Ibada. Mahubiri juu ya talanta, sikuyasikia.

Nje, wanawake walimzunguka somo. Habari za mashine zimevuka bonde. Akawaeleza njia nne, akiwaonyesha kwa vidole. Mmoja akauliza ya pili kaimba nani.

"Nimeimba zote mwenyewe," alisema. Hakujisifu. Alisema kama mtu aliyegundua anaweza kuchota maji kwa mikono yote miwili.

Mke wa mchungaji akapiga makofi. "Kumbe Naomi mmoja anatosha."

Walicheka. Ni utani tu. Mke wa mchungaji ni mtu mwema, aliniletea uji nilipougua. Nilisimama na tenzi zangu kwapani nikatazama mlima wa ng'ambo mpaka wakamaliza.

Somo alinifuata njiani. "Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Nafikiri."

"Ukifikiri unakuwa na uso wa kununa. Mashine imepona?"

"Bado."

Jumatatu, 11 Julai

Nimerudi mapema. Vipindi vya mchana havikuwepo, wanafunzi wamepelekwa kukata kuni.

Nimefanya jambo la kijinga, nalitaja hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilitaka kuimba sauti ya kwanza. Ya somo. Nilitaka kujua huko juu kukoje.

Kurekodi juu ya kazi yake sikutaka. Mimi si mwizi. Nikaitoa kaseti nikaigeuza upande wa pili. Upande wa pili ni mtupu, nani huuacha upande mtupu katika nchi ambayo kaseti mpya ni zawadi ya harusi? Nikachagua njia ya tatu, kwa kuwa ndiyo aliyonipa somo. Nyingine zote nikazishusha nisisikie kitu. Nikafunga mlango na dirisha, nikaimba.

Sikufika. Ubeti wa pili, pale wimbo unapopanda kama njia ya mlimani ya kwenda Malindi, sauti ilikatika, ikabaki pumzi. Nikamaliza hivyohivyo, kwa ukaidi. Sikujisikiliza. Nikaigeuza kaseti kama ilivyokuwa, nikakoroga chai.

Jumanne, 12 Julai

Somo na Mzee Zakayo walikuja pamoja. Lori linashuka Dar Ijumaa, mzee alitaka asikie wimbo umefikia wapi kabla ya safari. Sikuwa na sababu nyingine ya kusema mashine mbovu. Nikaiwasha.

Sauti ya kwanza ikaja safi. Halafu, mahali pa sauti ya pili, kikaja kitu.

Sijui nikielezeje. Sauti ya mtu, ndiyo, lakini kila neno linaanza kwa kuvimba na kwisha kwa kukatwa. Inavuta pumzi mahali pa kutoa. Inalia pale palipo kimya. Hakuna neno. Somo alitoa hedifoni kichwani kama imemuunguza.

Mzee Zakayo aliivaa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mtu mzima anayepima uzito wa gunia kwa macho.

"Hiki si Kiswahili. Si Kishambaa. Wala Kimbugu, mama yangu Mmbugu, ningekijua." Akabana hedifoni masikioni. "Kijapani hiki."

"Kijapani kimefikaje humo, baba?" somo akamwuliza.

"Mashine si ya Japani? Mwenyewe kafa, vitu vyake vikauzwa, sauti ikabaki ndani. Hii ni kafa Ulaya, mke wangu, tena kafa Japani. Mitumba, nguo za maiti, tunavaa kila siku, hazisemi. Hii inasema."

Akanigeukia. "Mwalimu, si wewe uliyeandika gazetini kwamba hakuna mapepo? Hebu lihoji hili."

Nikashusha macho kwenye vitufe. Sauti ya pili ya somo imefutika kabisa, hilo nilijua. Kwa nini, sikujua.

Mzee ameamua. Ijumaa mashine inapanda lori, inarudi ilikotoka, wala hataki kubishana. Somo alikuwa anakunja ncha ya kanga, anakunjua, anakunja.

Jumatano, 13 Julai

Nimejua.

Nimechora utepe kwenye ubao baada ya wanafunzi kutoka. Redio ya kawaida inasoma nusu ya utepe kwenda, ukiigeuza inasoma nusu nyingine kurudi. Ndiyo maana kaseti ina pande mbili. Mashine hii inasoma utepe wote kwa mkupuo mmoja, njia zote nne kwa mwelekeo mmoja. Kwake hakuna upande wa pili. Ukiigeuza kaseti unasimama kwenye njia zilezile, tena kichwa chini miguu juu. Ya nne inakuwa ya kwanza. Ya tatu inakuwa ya pili.

Nchi imeingia vyama vingi, na mimi nimeletewa kaseti ya chama kimoja nikaipigia kura upande wa upinzani.

Kwa hiyo Mjapani ni mimi. Ni sauti yangu, inayoimba wimbo wa somo kinyumenyume, juu ya mahali nilipomfuta. Sikukusudia. Lakini kama ningepewa kisu na kuambiwa toa kipande kimoja tu, ningetoa hichohicho.

Nimefuta ubao vizuri. Mara mbili.

Sasa nifikirie kwa utulivu. Nikinyamaza, mashine inaondoka Ijumaa. Hakuna kaseti, hakuna duka, hakuna Naomi mmoja anatosha. Tutarudi kuimba barazani, yeye juu, mimi chini. Hakuna aliyeumia. Mjapani apumzike kwa amani.

Miaka mingi nimewaita waoga watu wanaoona mkono wa mchawi penye ujinga wao. Nimewaita hivyo kwa majina, gazetini. Leo mchawi anavaa miwani yangu.

Alhamisi, 14 Julai

Nimefundisha vibaya. Nimemkaripia msichana kwa kosa la mwenzake.

Somo alikuja saa kumi, peke yake. Hakugusa mashine. Alikaa kwenye kiti cha dirishani akamenya peasi kwa kisu, ganda moja refu bila kukatika, akanipa nusu.

Alisema haogopi maiti. Kama Mjapani alikufa akaacha sauti yake ikiimba, hata yeye angependa kuacha yake hivyo. Kinachomuuma ni kingine. Watoto wamekwenda, mumewe anazungumza na kabichi. Siku ile alipofumba macho na hedifoni kichwani alisikia nyumba imejaa.

"Nilipomaliza nilikutafuta wewe wa kwanza," alisema. "Ukaniambia imechanika."

Nikala peasi.

"Wewe ndiye fundi wangu. Huwezi kumtoa huyu mtu?"

Nilisema nitajaribu. Nilikuwa na jibu lote mdomoni, na peasi. Nikameza vyote viwili. Nimejichukia mpaka sasa naandika, na bado sijamfuata.

Ijumaa, 15 Julai

Nimeacha kipindi cha kwanza. Nimeshuka kwa miguu hadi wanapopakia, tope mpaka magotini. Lori limejaa kabichi, turubai linafungwa. Mashine ndani ya boksi lake, kwenye kiti cha mbele, imefunikwa gunia. Mzee Zakayo hata gunia hakuligusa, alikuwa amemwambia dereva aliweke.

Somo alikuwepo, amemletea mumewe chai kwenye chupa.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Utangulizi, hoja, hitimisho. Nimesema: "Ni mimi. Niligeuza kaseti nikaimba upande wa pili. Haina upande wa pili. Ile sauti ni yangu, inakwenda nyuma."

Wapakiaji wakasimama na kabichi mikononi.

Mzee Zakayo aliacha kamba ya turubai. "Kwa hiyo Kijapani kile..."

"Ni mimi, baba."

"Mwalimu, umekijua lini?"

Wapakiaji walicheka. Yeye pia, mpaka akaegemea gurudumu. Somo hakucheka. Alimimina chai yote ya mumewe kikombeni, taratibu, akampa, akaifunga chupa.

"Uliimba nini?"

"Ya kwanza. Yako."

"Kwa nini?"

Mbele ya wanaume na kabichi. "Kwa wivu. Ulipoimba ya pili peke yako niliona sina kazi. Na haikuchanika. Nilikudanganya."

Nikangoja anipige, nikatamani anipige.

"Na ulifika? Pale juu, ubeti wa pili?"

"Sikufika."

"Hm," alisema.

Akafungua mlango wa lori, akatoa boksi, akajitwisha, akapanda kilima bila kuningoja. Nilimfuata nyuma yake njia nzima. Hakugeuka, hakuongeza mwendo wala kupunguza. Alipofika kwangu alingoja mlangoni, kwa sababu safari hii hakutaka kutumia ufunguo wake.

Jumapili, 17 Julai

Kazi imefanyika leo. Andika kwa utaratibu, Naomi.

Nimewasha mashine mapema ipate joto. Adapta chini ya meza. Kirungu katikati, nimekibandika plasta. Kwenye upande wa pili wa kaseti nimeandika USIGEUZE kwa wino mwekundu. Somo amesoma. Hajazungumza nami sana tangu Ijumaa. "Bonyeza." "Rudisha." "Tena." Ndivyo mtu anavyosema na fundi.

Nikauliza sauti ya pili aimbe nani. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Mimi," alisema. "Uliifuta, nairudisha."

Haki yake. Nikavaa hedifoni, nikakaa kwenye vitufe, macho kwenye mshale. Alipomaliza kuimba nilirudisha utepe, nikazishusha nyingine nikaisikiliza ya pili peke yake, nione kama imeingia vizuri. Ndipo nikasikia.

Somo hajui kutamka dh wala th. Hakuwahi. Maneno yangu yanasema kabichi yetu dhahabu, thamani kapanga nani. Yeye huimba zahabu, samani kapanga nani. Tangu tulipotunga namwambia samani ni viti na meza, nani kapanga viti vyetu, watu watacheka. Kwenye njia ya kwanza ameimba vilevile, zahabu, samani, hajali.

Kwenye njia ya pili ameimba dhahabu. Ameimba thamani. Ulimi katikati ya meno, kimwalimu, na pumzi ndogo kabla ya neno, ile ninayoivuta mimi kwa sababu ya kifua changu. Kifua chake ni kizima.

Nikasimamisha utepe.

"Mbona huku umesema thamani?"

Alinitazama kama nimeuliza mbona mvua inanyesha chini.

"Sauti ya pili ndivyo inavyosema."

Nilijifanya nashughulikia waya chini ya meza. Nilikaa huko.

Kumbe siku ile niliposimama mlangoni hakuwa ameniondoa. Alichoka kunisubiri, akaniimba.

Naandika hivi na wivu haujaisha. Ni ajabu. Anafanya sauti yangu vizuri kuliko mimi, hiyo nayo inauma, kwa namna mpya.

"Toka huko chini," alisema. "Njia ya tatu. Kifute kile kitoto cha chekechea, uimbe."

"Ya pili ipo tayari."

"Mashine ina njia nne, wewe unagombania moja. Halafu unaandika magazetini kuhusu wenye tamaa."

Nimeimba. Mshale haukuruka. Pale juu sikuhitaji kufika, ya pili haifiki huko.

Kisha kuchanganya. Hapo ndipo kila sauti unaipa kimo chake kwa kidole, na zikishaingia kwenye kaseti ya kawaida hazitenganishiki tena. Ya kwanza nikaipandisha. Ya pili yake nikaiweka vizuri. Yangu nikaiacha chini, karibu na sifuri. Nilijiambia ni unyenyekevu. Kilikuwa kiburi kimekaa chini, kinangoja kubembelezwa.

Somo alisikiliza mpaka mwisho. Akavua hedifoni.

"Mbona sikusikii?"

Nikasema inatosha, isije ikaharibu.

"Sikusikii, Naomi."

Tangu utoto haniiti Naomi, ananiita somo. Akanyoosha kidole chake cha kupalilia, kina ufa wa udongo, akaisukuma njia ya tatu juu, juu, mpaka ikalingana na ya pili. Akaniambia nirudishe utepe mwanzo.

Jumatano, 27 Julai

Jua kidogo leo, milima imeonekana yote. Nimeshuka stendi kununua chumvi.

Duka la kaseti lilikuwa linapiga wimbo wetu kwa spika ya nje. Nimetazama dirishani. Kwenye kasha mwenye duka ameandika kwa kalamu: NAOMI. Basi. Nikaingia kugombana. Nilikuwa na hoja zangu.

"Wameimba wawili," nikamwambia. "Hapa umeandika mmoja."

Alichukua kasha akalisoma upya, mtu mpole, hana haraka.

"Si mnaitwa hivyo wote, Mwalimu?"

Nimetoka.

Nje nimesimama kando ya wauza matunda nikijaribu kujisikia. Sauti ya pili ilikuja nene, imejaa. Nilitafuta wapi mwisho wake wapi mwanzo wangu. Kwa masikio haya, yaliyokaa na mashine ile wiki mbili, sikupata. Somo nimemwona juzi, tumepalilia karoti zake pamoja. Tunazungumza. Si kama zamani kabisa. Bado anagonga mlango.

Mwuza peasi, mama nisiyemjua, alikuwa anapanga matunda yake mafungumafungu, anaimba pamoja na spika, kwa chini. Hakuifuata ya kwanza. Alishika ile ya pili, bila kuitafuta, mikono ikiendelea na kazi. Aliponiona akanyanyua uso kuniuliza nataka fungu gani, mdomo bado uko kwenye neno.

Nilimwashiria amalize ubeti. Akamaliza. Kisha nikamwambia, fungu hili la mwisho.